Kipimo cha Kali: Sifa ya Taifa na Taswira ya Afrika katika Riwaya ya Henryk Sienkiewicz, W pustyni i w puszczy

Ikisiri

Makala hii inahakiki riwaya ya W pustyni i w puszczy, yaani Jangwani na Nyikani, ya mwandishi wa Kipolandi Henryk Sienkiewicz. Riwaya hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 1911, wakati Polandi haikuwa na dola yake. Lengo la makala ni kuonesha jinsi taifa lililonyang'anywa nchi lilivyojijengea sifa kwa kutumia ardhi na watu wa bara lililokuwa likinyang'anywa vivyo hivyo. Uchambuzi umeongozwa na nadharia ya Baada-Ukoloni na umejikita katika mambo matatu: namna riwaya inavyopima maasi, jibu la mhusika Kali kuhusu wema na uovu, na matumizi ya Kiswahili katika matini. Makala inadai kwamba riwaya inaitambua dhambi ya vipimo viwili na hata kuwatuhumu Wazungu kwayo, lakini inamwachia Mwafrika jina la dhambi hiyo na kumwondolea lawama shujaa wake. Mwisho, makala inaonesha kuwa mvutano huohuo umeendelea kuonekana katika siasa za kumbukumbu za Polandi hadi karne ya 21.

1.0 Utangulizi

Henryk Sienkiewicz (1846–1916) ni miongoni mwa waandishi waliosomwa zaidi katika historia ya fasihi ya Kipolandi. Alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1905. Riwaya zake tatu za kihistoria, Ogniem i mieczem, Potop na Pan Wołodyjowski, zilizotoka katika miaka ya 1880, ziliandikwa ili kuitia moyo jamii iliyokuwa imeshindwa vitani na kutawaliwa na wageni. Kwa hiyo, sifa ya taifa ilikuwa kazi yake ya maisha: aliwakumbusha Wapolandi kwamba waliwahi kuwa wakubwa, na aliuambia ulimwengu kwamba bado wapo.

W pustyni i w puszczy ndiyo riwaya yake pekee iliyoandikwa mahususi kwa ajili ya vijana. Inasimulia habari za Staś Tarkowski, mvulana wa Kipolandi mwenye umri wa miaka 14, na Nel Rawlison, msichana wa Kiingereza mwenye miaka 8. Watoto hao wanatekwa nchini Misri na wafuasi wa Mahdi wa Sudan, wanapelekwa Omdurman na kisha Fashoda. Baada ya Staś kuwaua watekaji, wanasafiri nyikani wakielekea Bahari ya Hindi. Wanafuatana na Kali, mwana wa mtawala wa Wahima aliyekuwa mtumwa wa mmoja wa watekaji, pamoja na Mea, msichana wa Kidinka. Hatimaye wanaokolewa na msafara uliotoka Mombasa.

Kwa vizazi kadhaa riwaya hii imesomwa katika shule za Polandi. Imetengenezewa filamu mara mbili, mwaka 1973 chini ya mwongozaji Władysław Ślesicki na mwaka 2001 chini ya Gavin Hood wa Afrika Kusini. Kwa Wapolandi wengi, picha ya kwanza ya Afrika Mashariki ilitoka katika kurasa hizi. Hiyo ndiyo sababu ya kuihakiki kwa makini. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada: maneno ya lugha yake yamo ndani ya kitabu hicho, nayo yamepewa kazi ambayo hayakuizoea.

2.0 Muktadha wa Kihistoria

Polandi ilifutwa katika ramani ya Ulaya kwa awamu tatu, mwaka 1772, 1793 na 1795, ilipogawanywa na Urusi, Prusia na Austria. Maasi makubwa ya mwaka 1830 na 1863 dhidi ya Urusi yalishindwa. Baada ya maasi ya 1863, waasi wengi walinyongwa au kupelekwa Siberia. Sienkiewicz alikuwa kijana wa miaka 16 maasi hayo yalipoanza, na alikulia katika sehemu iliyotawaliwa na Urusi.

Upande wa Prusia, Otto von Bismarck alibana Kanisa Katoliki, shule na lugha ya Kipolandi. Mwaka 1885 serikali ya Prusia ilianza kuwafukuza maelfu ya Wapolandi na Wayahudi wasio na uraia wake. Mwaka huohuo, mwezi Februari, ulimalizika Mkutano wa Berlin, ulioongozwa na Bismarck huyohuyo, ambao uliweka taratibu za madola ya Ulaya kujitwalia Afrika. Mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 26 Januari 1885, jeshi la Mahdi liliuteka mji wa Khartoum na Jenerali Gordon akauawa. Matukio ambayo riwaya inayatumia kama mandhari na matukio yaliyowaumiza Wapolandi nyumbani kwao ni ya majira yaleyale, na baadhi yake ni ya mikono ileile.

Sienkiewicz alifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1891. Alipitia Misri, akafika Zanzibar, ambayo tangu mwaka uliotangulia ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, kisha akavuka hadi Bagamoyo. Homa ilimlazimisha kukatisha safari yake ya bara. Barua alizoziandika kuhusu safari hiyo zilichapishwa kwa jina la Listy z Afryki. Bagamoyo aliyoiona ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na haikuwa imetimia miaka miwili tangu Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani, aliponyongwa Pangani mnamo Desemba 1889. Hivyo basi, mwandishi ambaye mwaka 1906 angemwandikia Mfalme Wilhelm II wa Ujerumani barua ya wazi kupinga mateso ya watoto wa Kipolandi shuleni alikwishaiona dola hiyohiyo ikitawala Waswahili. Wakati barua hiyo inaandikwa, vita vya Majimaji vilikuwa vikiendelea kusini mwa koloni hilo.

3.0 Maoni ya Wahakiki na Pengo Lililopo

Maoni kuhusu riwaya hii yanaweza kugawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza linaitetea. Hoja yao ni kwamba kitabu kiliandikwa kwa vijana wa taifa lililokandamizwa, kwamba kinapinga utumwa, na kwamba Kali ni jasiri, mwaminifu na mwisho anatawala watu wake. Huongeza kuwa Polandi haikuwa na makoloni, kwa hiyo haistahili kushtakiwa pamoja na Uingereza au Ufaransa. Kundi la pili linaishutumu. Linaonesha kwamba Waafrika wamechorwa kama watoto wakubwa wanaohitaji kuongozwa na mvulana mweupe, na kwamba Waislamu wa Sudan wamechorwa kama kundi la washupavu wakatili.

Shutuma za kundi la pili zinafanana na zile alizozitoa Chinua Achebe mwaka 1975 dhidi ya Heart of Darkness ya Joseph Conrad. Ulinganisho huo una maana, kwa kuwa Conrad naye alizaliwa katika familia ya Kipolandi, na baba yake, Apollo Korzeniowski, alihamishwa kwa nguvu na serikali ya Urusi kwa sababu za kisiasa. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa. Conrad aliandika kwa Kiingereza, lugha ya dola iliyotawala. Sienkiewicz aliandika kwa Kipolandi, lugha ya watu waliotawaliwa, na sehemu ya wasomaji wake ilipigwa shuleni kwa kuitumia. Mhakiki anayemchukulia kama mwandishi wa kawaida wa kikoloni anaacha nusu ya habari. Anayemtetea kwa sababu tu alitawaliwa anaacha nusu nyingine.

Mjadala wa Baada-Ukoloni katika Polandi yenyewe unakabiliwa na ugumu huohuo. Ewa Thompson amesoma fasihi ya Kirusi kama fasihi ya dola iliyotawala majirani zake, Wapolandi wakiwemo. Maria Janion naye, katika kitabu chake cha 2006, aliitazama Polandi kama jamii iliyotawaliwa na ambayo pia imetawala wengine, hasa katika nchi za mashariki ambazo leo ni Ukraine, Belarus na Lithuania. Makala hii inafuata njia ya Janion. Inaongeza jambo ambalo msomaji wa Kiswahili yuko katika nafasi nzuri ya kulifanya, nalo ni kuyasoma maneno ya Kiswahili yaliyomo katika riwaya kama ushahidi.

4.0 Uchambuzi wa Riwaya

4.1 Maasi mawili, mizani miwili

Baba yake Staś, Władysław Tarkowski, alishiriki katika maasi ya 1863, akapelekwa Siberia, akatoroka, na sasa ni mhandisi wa Mfereji wa Suez. Kwa msomaji wa Warszawa wa wakati ule, habari hiyo ilitosha kumweleza Staś ni mtoto wa nani. Ushujaa wake ni urithi. Anapopelekwa mbele ya Mahdi huko Omdurman na kutakiwa kuiacha dini yake, anakataa, ingawa kukataa kunaweza kumgharimu uhai. Msomaji wa Kipolandi aliyezuiliwa kusali kwa lugha yake aliielewa tafsiri ya tukio hilo bila kuelezwa.

Lakini Muhammad Ahmad, aliyejitangaza Mahdi mwaka 1881, naye aliongoza maasi. Aliwaongoza watu waliochoshwa na kodi na maonevu ya utawala wa Misri, ambao nyuma yake ilisimama Uingereza. Nao walipigana na silaha duni dhidi ya jeshi lenye zana bora, na waliichukulia dini kuwa bendera ya umoja wao, kama Wapolandi walivyouchukulia Ukatoliki. Riwaya haioni mfanano huo hata kidogo. Maasi ya 1863 ni chemchemi ya heshima. Maasi ya Sudan ni balaa lililowapata watoto wasio na hatia.

Haki inadai isemwe kwamba Sienkiewicz hakubuni ukatili wote anaousimulia. Dola ya Mahdi iliendeleza utumwa, na mateka waliteseka humo. Tatizo la riwaya liko kwenye swali ambalo haikuliuliza. Hakuna mhusika hata mmoja wa Sudan anayepewa nafasi ya kueleza kwa nini aliasi. Babake Staś ana sababu. Watekaji wa Staś wana tabia tu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mtu mwenye historia na mtu aliyewekwa kuwa kikwazo katika historia ya mwingine.

4.2 Ng'ombe wa Kali

Tukio mashuhuri zaidi katika riwaya ni mazungumzo mafupi. Staś anamfundisha Kali dini ya Kikristo na kumuuliza tendo baya ni lipi. Kali anafikiri, kisha anajibu kwamba mtu akichukua ng'ombe wa Kali, hilo ni tendo baya. Anapoulizwa tendo jema, anajibu bila kusita kwamba ni pale Kali anapochukua ng'ombe wa mtu mwingine. Kutokana na mazungumzo hayo, Kipolandi kimepata msemo wa kudumu, maadili ya Kali, unaotumika kumsuta mtu mwenye kipimo kimoja kwake na kingine kwa wenzake. Wanasiasa na waandishi wa magazeti wa Polandi wanautumia hadi leo, wakiwemo ambao huenda wameisahau riwaya yenyewe.

Jambo linalosahauliwa katika matumizi hayo ni maelezo yanayofuata jibu la Kali. Msimulizi anasema kwa kejeli kwamba Staś alikuwa bado mdogo mno kutambua kuwa mawazo ya namna hiyo yanashikiliwa hata Ulaya, na si na wanasiasa peke yao bali na mataifa mazima. Msomaji wa mwaka 1911 hakuhitaji kuambiwa mataifa hayo ni yapi. Yalikuwa yale matatu yaliyoigawana nchi yake. Kwa maneno mengine, Kali amewekwa pale ili Prusia na Urusi zisutwe. Wahakiki wanaoshutumu riwaya mara nyingi huyaruka maelezo haya. Wanaoitetea huyashika kama ngao.

Makundi yote mawili yanapitwa na jambo moja. Kejeli ya msimulizi inawafikia wanasiasa wa Ulaya, lakini haimfikii Staś. Mvulana huyu anapita katika nchi za watu akiwa na bunduki. Anaupa mlima jina la mtafiti wa Kiswisi, Linde, kana kwamba haukuwa na jina. Anawafunza watu wa Kali kutumia bunduki na kuongoza vita vyao dhidi ya Wasamburu. Kali, aliyeokolewa utumwani, anakuwa mtumishi wake. Mambo hayo yote yanasimuliwa kama wema. Nchi ya Wapolandi ikipewa majina mapya na wageni, huo ni uovu. Nchi ya Waafrika ikipewa majina mapya na Mpolandi, huo ni ushujaa. Riwaya inakitaja kipimo cha Kali, inakicheka, kisha inakitumia.

Ni muhimu pia kutazama nani amebebeshwa jina la dhambi hiyo. Kiswahili kina methali isemayo: Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Maana yake ni ileile ya msemo wa Kipolandi, lakini msimamo wake ni tofauti. Methali inamsuta mwenye vipimo viwili, na anayeisema ni jamii ya Waafrika inayolijua kosa hilo na kulikemea. Katika riwaya, Mwafrika halijui kosa. Analitamka kwa moyo mweupe, na Mzungu ndiye anayetabasamu. Hivyo Kipolandi kilipata jina la undumakuwili wa wanasiasa wake kwa kuliazima kutoka kwa mtoto wa wafugaji wa kubuniwa, ilhali lugha inayosemwa katika nchi alikopitishwa ilikuwa na fimbo yake ya kuuchapia undumakuwili huo.

4.3 Kiswahili kinywani mwa Kali

Riwaya inaeleza kuwa Staś anakijua Kiswahili, na lugha hiyo ni miongoni mwa zile zinazowaunganisha wasafiri. Maneno kadhaa yameachwa katika umbo la Kiswahili. Kali anamwita Staś bwana kubwa na Nel anaitwa bibi. Wenyeji wanamwona Nel kuwa mzimu mwema.

Neno bwana ni jina la mtu, na Kiswahili fasaha kingedai upatanisho wa bwana mkubwa. Umbo la bwana kubwa ni la lugha ya misafara na ya amri, ile iliyozungumzwa kati ya mgeni na mpagazi, isiyojali upatanisho kwa kuwa haikukusudiwa kubeba mazungumzo marefu. Ndiyo lugha ambayo msafiri wa miezi michache angeweza kuiokota pwani. Jina la Kali nalo, kwa sikio la Mswahili, linasikika kama shina la kivumishi lisilo na kiambishi. Mtu huwa mkali, si kali. Haidaiwi hapa kwamba mwandishi alikusudia hivyo. Linaloonekana ni kwamba msomaji wa Kiswahili anakutana na wahusika ambao viambishi vya utu vimewapotea.

Neno mzimu limebadilishwa zaidi. Katika imani za jamii nyingi za Afrika Mashariki, mizimu ni roho za waliotangulia, zenye uhusiano na ukoo na mahali maalumu, kama mti au pango wanapotambikia. Mzimu ni kiungo kati ya walio hai na wazee wao. Katika riwaya, neno hilo linapewa mtoto wa kigeni aliye hai, naye Staś anaitumia imani hiyo ili misafara ipite salama na wenyeji watoe chakula. Kumbukumbu ya mababu inageuzwa kuwa ibada ya mgeni. Kwa taifa ambalo wakati huohuo lilikuwa likipigania haki ya kuwakumbuka mababu zake kwa lugha yake, huu ni upofu mkubwa.

Hatimaye kuna namna Kali anavyosema. Katika Kipolandi, Kali hutumia vitenzi visivyonyambuliwa na hujitaja kwa jina lake badala ya kusema mimi. Matamshi yake yamekuwa mzaha wa kudumu nchini Polandi kwa mtu asiyejua lugha. Lakini Kali hasemi Kipolandi. Pale anapozungumza na Staś kwa lugha ya Afrika, mgeni wa lugha ni Staś. Msimulizi ndiye anayeitafsiri kauli ya Kali, na ndiye anayechagua kuivunja. Kwa uchaguzi huo, mtu anayezungumza lugha zaidi ya moja anafanywa aonekane hana hata moja.

5.0 Kipimo cha Kali Nje ya Riwaya

Polandi ilipata tena uhuru mwaka 1918. Mwaka 1930 iliundwa Jumuiya ya Bahari na Makoloni, Liga Morska i Kolonialna, iliyodai kwamba taifa lililorejea miongoni mwa mataifa linastahili makoloni kama wenzake. Mwaka 1937 serikali ilituma tume Madagaska kuchunguza uwezekano wa kuwahamishia huko Wayahudi wa Polandi. Hoja ya kwamba Wapolandi hawakuwa na fikra za kikoloni kwa sababu hawakuwa na makoloni inadhoofika mbele ya mambo haya. Walikosa nafasi, hamu ilikuwapo, na fasihi ilikuwa imeishaiandaa.

Kisha historia ikawaleta Wapolandi Afrika kwa njia ambayo Sienkiewicz hakuiwaza. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Kisovieti uliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya watu kutoka mashariki mwa Polandi kwenda Siberia na Asia ya Kati. Walioachiliwa na kufika Iran mwaka 1942, wengi wao wanawake na watoto, walipelekwa katika kambi za wakimbizi, zikiwemo za Tengeru, Kidugala na Ifunda nchini Tanganyika, na Masindi na Koja nchini Uganda. Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea watu wapatao 5,000. Hapo walijenga shule, kanisa na hospitali, na makaburi yao yangalipo. Watoto wa Kipolandi walifika Afrika Mashariki yenyewe bila bunduki ya Staś, wakiwa wahitaji wa hifadhi. Tengeru ingeweza kuwa msingi wa simulizi nyingine kuhusu Wapolandi na Waafrika, lakini katika fikra za umma wa Polandi nafasi yake haijawahi kukaribia ile ya Staś na Nel.

Katika karne ya 21, suala la sifa ya taifa limerejea kupitia sheria na kumbukumbu za Vita Kuu ya Pili. Madai ya Wapolandi yana msingi wa kweli. Auschwitz ilijengwa na kuendeshwa na Ujerumani ya Kinazi katika ardhi iliyovamiwa, na ni haki kukataa kambi ya aina hiyo iitwe ya Kipolandi, kama Rais Barack Obama alivyoteleza kusema mwaka 2012. Maelfu ya Wapolandi waliwaficha Wayahudi ilhali adhabu ya kufanya hivyo ilikuwa kifo. Hata hivyo, mwaka 2000 Jan Tomasz Gross alichapisha kitabu cha Sąsiedzi, yaani Majirani, kuhusu mji wa Jedwabne, ambako tarehe 10 Julai 1941 Wayahudi waliuawa na majirani zao Wapolandi, wengi kwa kuchomwa moto ghalani. Uchunguzi wa Taasisi ya Kumbukumbu ya Taifa ulithibitisha vifo visivyopungua 340 na kuwataja wakazi Wapolandi kuwa watekelezaji, huku ukionesha uchochezi wa Wajerumani. Rais Aleksander Kwaśniewski aliomba radhi mjini hapo mwaka 2001.

Mwaka 2018 Bunge la Polandi lilipitisha marekebisho ya sheria yaliyoweka kifungo cha hadi miaka mitatu kwa anayelihusisha taifa la Polandi, kinyume na ukweli, na makosa ya Wanazi. Baada ya upinzani mkubwa wa kimataifa, hasa kutoka Israel na Marekani, adhabu ya jinai iliondolewa mwezi Juni mwaka huohuo. Wapinzani hawakupinga heshima ya Polandi. Walihofia kwamba sheria inayolinda kumbukumbu ya mateso ingetumika kunyamazisha kumbukumbu ya makosa. Hapa kipimo cha Kali kinajitokeza upya: machungu tuliyotendewa ni historia, machungu tuliyowatendea wengine ni kashfa. Polandi haiko peke yake katika hili, na ndiyo maana maelezo ya msimulizi yalitaja mataifa mazima.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uchambuzi umeonesha kwamba W pustyni i w puszczy si riwaya ya kikoloni ya kawaida, wala si kitabu kisicho na hatia. Ni kazi ya mwandishi aliyelijua jeraha la kutawaliwa, aliyeona kwamba dunia hupima wizi kwa kuangalia mwenye ng'ombe, na aliyeliandika jambo hilo waziwazi. Udhaifu wake ni kwamba aliufahamu ukweli huo kwa ajili ya taifa lake peke yake. Aliitafuta heshima ya Polandi katika kufanana na watawala, ilhali ushahidi wa historia, kutoka Bagamoyo hadi Khartoum, ulikuwa ukimwonesha kwamba waliofanana naye walikuwa upande wa pili.

Kutokana na hayo, makala inapendekeza mambo mawili. Kwanza, riwaya hii iendelee kusomwa, lakini pamoja na maelezo ya msimulizi yanayofuata jibu la Kali, na msomaji ahimizwe kuyaelekeza maelezo hayo kwa Staś pia. Kuiondoa shuleni kutaacha msemo wa maadili ya Kali mitaani bila mtu wa kuuliza Kali alikuwa nani. Pili, watafiti wa Kiswahili wazisome kazi za Ulaya zilizochukua maneno ya lugha hii, zikiwemo zile za mataifa ambayo hayakutawala pwani. Mtafiti anayejua tofauti ya bwana kubwa na bwana mkubwa ana ushahidi ambao mhakiki wa Warszawa hawezi kuupata kwa urahisi.

Sifa ya taifa, kama inavyooneshwa na mifano iliyojadiliwa, hailindwi na shujaa asiyekosea wala na sheria inayokataza maswali. Jedwabne ya mwaka 2001, ambako kiongozi wa nchi alisimama na kuomba radhi kwa niaba ya watu wake, iliipa Polandi heshima ambayo kifungo cha miaka mitatu kisingeweza kuipa. Siku hiyo ng'ombe wa Kali na ng'ombe wa jirani walihesabiwa kwa kipimo kimoja.